Safu ya Nane

Waliohudhuria kikao cha Jumamosi, saa nne asubuhi, katika chumba cha darasa la nne: Mwenyekiti, ambaye ni muuguzi mstaafu, Afande, msimamizi wa ulinzi shirikishi kutoka kituo cha polisi, Mama wa Duka, Seremala, na mimi, mwalimu, katibu wa kamati ya usalama ya mtaa. Aliyetoa udhuru: hakuna. Asiyehudhuria kwa kuwa kamati yenyewe ilimwondoa: fundi bomba, anayeitwa Koki na kila mtu, mume wa dada yangu.

Jina hilo la mwisho halikuwemo katika muhtasari nilioanza kuuandika asubuhi ile. Naliweka hapa kwa sababu bila hilo hakuna la kusimulia.

Watu wazima walikuwa wamejibana kwenye madawati ya watoto. Seremala, ambaye ni mnene, alikaa upande mguu mmoja ukiwa nje.

"Haya madawati niliyatengeneza mimi mwenyewe," alisema, "na leo ndiyo nimejua nilivyowatesa watoto wa watu."

Walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaugusa mfuko wa shati langu kuhakikisha kwamba bahasha ilikuwa bado imo. Ilikuwemo tangu juzi, siku ya Alhamisi, na tangu juzi hiyo sikuwa nimekula chakula nikamaliza.

Ni lazima nieleze jambo hili kwa utaratibu. Mtaa wetu hupata maji kwa zamu, Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa nane mchana. Mita za maji zimefukiwa nje ya kuta za nyumba, kila moja ndani ya kishimo chenye mfuniko wa bati. Mita hizo ni za shaba, na shaba ina wapenzi wake. Tangu mwanzoni mwa mwaka zilianza kuondoka. Mwizi alifungua mfuniko, akakata bomba pande zote mbili, akachukua mita na kuurudisha mfuniko mahali pake kwa adabu kama mtu aliyelelewa vizuri.

Ndipo Afande alipokuja na mafunzo yake. Niliwahi kumfundisha hesabu alipokuwa na umri wa miaka kumi, na nilijivuna kumwona amesimama mbele ya ubao wangu akiwa na chaki yangu. Alichora pembetatu. Kwenye pembe ya kwanza aliandika: anayetenda. Kwenye ya pili: kinacholengwa. Kwenye ya tatu: mahali.

"Sisi polisi tumezoea kukimbilia pembe ya kwanza," alisema. "Tunauliza nani, nani, nani. Ninyi ulizeni kwanza: kinaibiwa nini hasa, wapi, lini, na kwa nini pale na si kwingine. Mkilijua tatizo vizuri, pengine hamtamhitaji hata huyo nani."

Alitupa hatua nne: kulitambua tatizo, kulichambua, kulitafutia dawa, na mwisho kupima kama dawa imefanya kazi. Alitupa pia karatasi zilizopigwa chapa, moja kwa kila tukio. Nilipewa kazi ya kuzijaza pamoja na walioibiwa, kisha kuyahamishia majibu kwenye daftari moja kubwa ili mfumo uonekane.

Kazi hiyo niliipenda kuliko ninavyoweza kusema. Nilinunua daftari lenye jalada gumu, nikapiga mistari kwa rula ya sentimita thelathini na kalamu nyekundu. Safu saba zilikaa sawasawa katika kurasa mbili zilizotazamana. Lakini karatasi za Afande zilikuwa na maswali manane. Swali la tano liliuliza: Mita ilionekana mara ya mwisho lini? La sita liliuliza: Iligundulika kuwa haipo lini? Safu ya nane ingeangukia nje ya ukurasa. Isitoshe, swali la tano lilikuwa na majibu ya ovyo: "sikumbuki", "siku ya maji iliyopita", "nani huangalia mita?" Chuoni tulifundishwa kwamba mahudhurio yenye kisanduku kitupu si mahudhurio. Nikaliondoa swali la tano. Swali la sita nikalipa jina jipya, fupi na safi: Saa ya tukio.

Msomaji ameshaona nilichokifanya. Mimi sikukiona kwa muda wa miezi mitatu.

Watu waligundua kuwa wameibiwa pale maji yalipofunguliwa na kishimo kufurika hadi barabarani. Kwa hiyo daftari langu lilionyesha matukio kumi na moja, na yote yalitokea Jumanne au Ijumaa, kati ya saa nane na saa kumi mchana. Nilipaka rangi visanduku hivyo. Vilijipanga kama wanafunzi mstarini.

Na ni nani aliyeonekana mtaani Jumanne na Ijumaa mchana tu, siku nyingine asionekane? Ni nani aliyefika kwenye kila nyumba iliyoibiwa ndani ya nusu saa, kipande cha bomba la akiba mkononi?

"Huyu shemeji yako," Seremala alisema katika kikao cha mwezi wa tatu, "anajua mita yako imeondoka kabla hujajua mwenyewe."

Nilikuwa na nafasi ya kusema subirini. Nilisimama, nikafungua daftari, nikawaonyesha vile visanduku vyenye rangi. Nikasema kwamba undugu ni undugu na ushahidi ni ushahidi, na kwamba sitamficha mtu kwa sababu amemwoa dada yangu. Mwenyekiti alinipa mkono. Mama wa Duka peke yake alikuwa akikwaruza meza kwa ukucha. Wengine walipiga makofi, nami niliyapokea makofi yale, nikarudi nyumbani nikitembea wima kupita kawaida.

Tuliandika tangazo. Tuseme niliandika mimi, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, herufi zikiwa zimesimama vizuri: kwamba fundi bomba aitwaye Koki haruhusiwi kufanya kazi katika mtaa huu mpaka uchunguzi utakapokamilika. Tulilibandika kwenye ukuta wa duka, ambapo kila mtu hupita. Wazazi kadhaa waliusifu mwandiko.

Wiki mbili baadaye dada yangu alikuja shuleni wakati wa mapumziko ya mchana. Alisimama mlangoni pa ofisi ya walimu kama mzazi aliyeitwa kwa kosa la mtoto.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikai. Sikuja kubishana wala kulia. Naomba unionyeshe hilo daftari."

Nilimfungulia. Alilitazama kwa muda mrefu, kidole chake kikishuka taratibu juu ya ile safu ya rangi.

"Kwa hiyo Mama wa Duka aliibiwa Ijumaa, saa nane na nusu."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Yeye mwenyewe alimwona mwizi saa nane na nusu?"

"Aligundua saa hiyo."

"Sijauliza aligundua lini, kaka." Alilifunga daftari taratibu. "Siku ya maji mume wangu yuko kila nyumba, maana siku ya maji ndiyo siku mabomba yanapasuka. Hata kwako huja, anakutengenezea na chai hamnywi, mnataniana tu. Mbona mita yako ipo?"

Nilimwambia kwamba mita yangu kuwepo si hoja ya kitaalamu. Nilitumia maneno hayo hasa, hoja ya kitaalamu, kwa mtu niliyembeba mgongoni alipokuwa hajui kutembea.

"Sawa," alisema. "Jumatano na Alhamisi yuko kwenye ujenzi ng'ambo ya mji, anaondoka Jumatano alfajiri na kulala huko huko. Siku nyingine sasa anazunguka mitaa ya mbali kwa miguu na sanduku la vyuma begani, maana huku umemfungia. Jana amerudi bega limevimba. Nilitaka ujue tu."

Aliondoka. Mwavuli wangu, aliokuwa ameuazima tangu mvua zilizopita, aliuacha umeegemea mlango. Nilielewa kwamba hakutaka kubaki na kitu changu.

Hata hivyo sikuzifungua zile karatasi. Nilijiambia kwamba nina madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mwalimu anayesahihisha wengine kila siku hupoteza mazoea ya kusahihishwa.

Wizi haukukoma. Katika wiki sita baada ya tangazo, mita tatu zaidi ziliondoka, na Koki hakuwa amekanyaga mtaani. Afande akaitisha kikao cha hatua ya nne, kupima dawa. Nilitakiwa kuandaa takwimu. Ndiyo maana Alhamisi, baada ya wanafunzi kuondoka, nilifungua kabati nikatoa karatasi zote kumi na nne. Nilikuwa nimezihifadhi vizuri, zimepangwa kwa tarehe. Nilichukua karatasi kubwa isiyo na mistari na kuandika majibu ya swali la tano kando ya majibu ya swali la sita, pamoja na kila "sikumbuki".

Nilipomaliza, nilikaa kwenye dawati la mwanafunzi kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

Hapakuwa na mita hata moja iliyothibitika kupotea kati ya Ijumaa na Jumanne. Kumi na mbili, hata za waliosema "sikumbuki", zilikuwepo Jumanne maji yalipofunguliwa, maana vishimo havikufurika, na kukosekana Ijumaa. Nyumba mbili zilizogundua Jumanne zilikuwa zimefungwa wiki nzima, wenyewe wakiwa safarini. Na mama mmoja, aliyekuwa amefunua kishimo chake kukisafisha, aliniambia katika karatasi ile ile, kwa maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu: "Jumatano jioni ilikuwepo." Kwa hiyo mwizi alipita katikati ya wiki. Katika mtaa mzima, mtu mmoja tu ndiye tuliyeweza kusema kwa uhakika kwamba hakuwepo siku hizo, naye ndiye tuliyemfukuza.

Hiyo ndiyo bahasha iliyokuwa mfukoni mwangu.

Mwenyekiti alifungua kikao. Ajenda ya kwanza ilikuwa kusoma muhtasari uliopita. Niliusoma, pamoja na sentensi inayonisifu kwa kutopendelea ndugu. Nilikusudia kuacha kusoma nikifika hapo ili niseme jambo langu. Nilifika hapo, nikapita. Ajenda ya pili ilikuwa taa ya njia panda. Nayo ilijadiliwa, na mimi nikaandika yote kwa uaminifu mkubwa.

Ajenda ya tatu Afande aliianza mwenyewe. "Mwalimu, kwanza nikushukuru. Lile jedwali la daftari lako, ile nakala uliyonipa, nimewaonyesha wenzangu kituoni kama mfano. Mkuu wa kituo amesema hajawahi kuona kamati ya mtaa inafanya kazi safi namna ile."

"Huyo ndiye mwalimu wetu," Mwenyekiti alisema.

"Lakini dawa haijafanya kazi. Tumemwondoa, na mita zinaendelea."

"Basi ana mwenzake," alisema Seremala. "Amekaa pembeni, anatuma mtu. Afande, mchukueni mkamuulize kituoni. Akilala huko siku mbili atataja."

Afande alikunja uso. "Sipendi kuanza hivyo. Lakini kwa jedwali kama lile, kama kamati itaniandikia barua leo, Jumatatu ataitwa."

"Katibu," Mwenyekiti aliniambia, "tuandalie barua."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na karatasi ilikuwa mbele yangu. Niliandika tarehe. Nakiri kwamba niliandika tarehe. Kisha nikaona mkono wangu unaanza kupiga mstari chini ya kichwa cha barua, mstari ulionyooka bila rula, na nikauchukia mkono ule.

"Barua haitaandikwa," nilisema.

"Unasemaje, mwalimu wangu?" Afande aliuliza.

Nilisimama. Nilikwenda ubaoni kwa sababu sijui kusema jambo gumu nikiwa mahali pengine. Nilichora safu mbili. Nilitoa karatasi kutoka kwenye bahasha na kunakili matukio yote kumi na manne bila kugeuka nyuma. Nyuma yangu nilisikia dawati likilia chini ya Seremala.

"Swali la tano nililitoa," nilisema nikiutazama ubao. "Lilihitaji safu ya nane, na safu ya nane haikutosha kwenye ukurasa. Mlichokiona kwenye daftari si saa za wizi. Ni saa za maji kufunguliwa. Kwa jedwali lile ningeweza kumshuku yeyote anayetembea mtaani siku ya maji. Mita ziliondoka katikati ya wiki, na siku hizo Koki hakuwepo."

 Nje, uwanja wa michezo ulikuwa mtupu kwa kuwa ni Jumamosi.

Mama wa Duka ndiye aliyeanza. "Lakini mimi nilikuambia."

"Ulisema."

"Nilikuambia sijui! Nikasema labda jana, labda juzi, mimi mfuniko siufunui. Wewe ukaniambia, mama, tuandike ulipoona, sijui haina kisanduku. Mimi nikaona, ah, mwalimu anajua. Nimekaa na lile tangazo kwenye ukuta wangu wiki sita, dada yako akipita anainamisha kichwa, nami nageukia mafuta na sabuni kama simwoni!"

"Nisamehe, mama."

"Usiniombe mimi."

Afande alikuwa ameukaribia ubao. Alizisoma safu mbili kimya, midomo ikicheza, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Masikio yake yalikuwa yameiva. "Jedwali lile liko juu ya meza ya mkuu wa kituo," alisema polepole. "Na mimi sikuomba karatasi za awali. Niliona rangi, nikaamini." Kisha akaweka kidole kati ya Jumatano jioni na Ijumaa. "Alhamisi kuna nini huku?"

"Alhamisi asubuhi ndiyo huja yule wa mizani, wa vyuma chakavu," Mama wa Duka alisema. "Anakaa nyuma ya duka mpaka saa sita."

"Basi ndiye!" Seremala alipaza sauti.

"Kaa chini," Mwenyekiti alimwambia. "Hii aibu ya kwanza hatujaimaliza, unataka kutufungulia ya pili?"

Afande alisema atakwenda kuzungumza na mtu wa mizani kwanza, kwa upole, kumweleza kwamba mita za maji hazinunuliwi. Tena ataiomba idara ya maji ilete mita za plastiki, ambazo mwenye mizani hana haja nazo. "Tuondoe sababu," alisema, "mwizi ataondoka mwenyewe." Lilikuwa ni lile lile alilotufundisha siku ya kwanza.

Hapo Seremala alikohoa. Si mtu mbaya, alitaka kunisaidia. "Sasa Mwalimu, hili la Koki tulimalize kikubwa. Tunabandua tangazo, basi. Tunaandika kwamba kutokana na taarifa mpya, zuio limeondolewa. Mambo ya swali la tano, safu ya nane, watu wa mtaani watayajulia wapi? Heshima yako ndiyo heshima ya shule."

"Hilo nalo ni neno," Mwenyekiti alisema, bila kunitazama.

Nisingesema kweli nikidai kwamba sikutamani. Niliiona sentensi yenyewe imeshajipanga kichwani: kutokana na taarifa mpya. Ilikuwa sentensi nzuri. Haikuwa na mtu ndani yake. Nilimwona pia dada yangu akiisoma ukutani, akifuata mstari kwa kidole, akitafuta ni nani.

Nililichukua daftari la jalada gumu na kuliweka mbele ya Mama wa Duka.

"Hili ni la nini?"

"Kuanzia leo ni lako, kama kikao kitakubali."

"Mimi! Mwandiko wangu kama kuku ameparua!"

"Ndiyo. Lakini wewe ukiwa hujui, unasema hujui."

Seremala alitaka kucheka, akaona si mahali pake. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa kitenge chake, akaivaa tena. "Mwalimu, sema unachotaka kusema, tuandike."

Nikalitangaza mbele yao, na Mama wa Duka akaandika, taratibu, akiniomba nirudie kila baada ya maneno machache, nami nikarudia. Kwamba tangazo halitabanduliwa leo. Kwamba litabanduliwa Jumanne saa nane mchana, maji yakifunguliwa na watu wote wakiwa nje na ndoo zao, na nitalibandua mimi. Kwamba pale pale nitabandika jingine, kwa mwandiko ule ule, lenye jina langu na cheo changu, likisema kwamba fundi bomba hakuiba, na kwamba katibu ndiye aliyeondoa swali ambalo jibu lake lingemlinda. Kwamba nitalisoma kwa sauti mbele ya nyumba zote kumi na nne. Kwamba Jumatatu nitakwenda na Afande kwa mkuu wa kituo kulichukua jedwali langu.

"Na Koki?" Mama wa Duka aliuliza, kalamu ikiwa hewani. "Niandike atarudi?"

"Usiandike," nilisema. "Leo nikitoka hapa nakwenda kwake kumwomba radhi. Kama atarudi au hatarudi, sijui. Acha hapo wazi."